Kadi ya Watu Wanne

Wiki iliyopita niliingia duka la dawa karibu na stesheni ya Lidcombe kununua dawa ya kikohozi cha mwanangu. Kwenye rafu ya chini palikuwa na vipande vya sabuni ya zambarau, yenye harufu ya lavenda. Niliinama nikaokota kimoja, nikakinusa, nikabaki nimeinama palepale. Binti wa kaunta akaniuliza kama niko salama. Nikamjibu kwamba niko salama. Ningemwambia nini? Kwangu mimi harufu ile si ya maua. Ni ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni, ya mlango ulioachwa wazi makusudi, na ya wanawake wawili wanaozungumza, kila mmoja kwa lugha asiyoielewa mwenzake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tuliishi Macquarie Fields, kitongoji cha Sydney, mimi na mama na baba, katika nyumba ya serikali yenye ua wa nyasi kavu. Baba alipakia mizigo kwenye ghala huko Minto, na mama alihudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza, mwendo wa treni mbili kutoka kwetu. Wazazi wangu walikimbia Burundi, mimi nikazaliwa kambini upande wa Kigoma, na tulipofika Sydney nilikuwa na umri wa kutosha kuikumbuka kambi lakini si wa kutosha kuiogopa. Nilikumbuka vumbi jekundu, foleni ya maji, na mpira wa matambara. Ninyi mliokua kama mimi, mkisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, mnajua jinsi neno linavyoweza kukaa kichwani na maana yake ya utotoni na kukataa kukua. Kwangu neno hilo lilikuwa kambi.

Jumamosi mama alikuwa na shifti ya asubuhi na hakutaka nibaki nyumbani peke yangu, kwa hiyo alinichukua. Alinikalisha kwenye chumba cha mapumziko pamoja na madaftari yangu, katikati ya wazee waliosinzia mbele ya televisheni. Hapo ndipo nilipomjua Bibi Ilona. Alikuwa kibibi kidogo, mweupe kama karatasi, na sweta lake lilikuwa na mifuko iliyovimba. Ndani ya mifuko mlikuwa na vipande vya mkate alivyovifunga kwa tishu. Nilidhani ni vya ndege.

Siku moja alikunja mkono wa sweta ili anywe supu, nikaona namba kwenye ngozi yake, ya buluu iliyofifia, imeandikwa kama kwa kalamu ya mtu mwenye haraka.

"Hiyo namba ni ya nini?" nilimuuliza. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito kuliko ya mama.

"Ya kambi," alisema. "Nilikuwa kambini nilipokuwa na umri kama wako."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisogeza kiti changu karibu naye. "Hata mimi!" nikamwambia. "Mimi nilizaliwa kambini! Sisi namba yetu ilikuwa kwenye kadi ya mgao. Kadi yetu ilikuwa ya watu watatu. Yenu ilikuwa ya watu wangapi?"

Bibi Ilona aliweka kijiko chini. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wanne," alisema. "Baba, mama, mimi, na mdogo wangu Éva."

"Na wenzako walipelekwa nchi gani?" Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwetu. Familia zilitawanywa, huyu Norwei, yule Kanada, shangazi yangu Amerika. Lilikuwa swali la kawaida kabisa.

"Wote walipelekwa nchi moja," alisema Bibi Ilona.

Jioni, ndani ya treni, nilimsimulia mama kwamba yule bibi alikuwa kambini kama sisi, na kwamba familia yake yote walipata nchi moja, yeye wakamwacha. Mama alikuwa amefumba macho kwa uchovu. "Masikini," alisema. "Pengine karatasi zake zilichelewa."

Lakini mama alikuwa na tatizo lake na bibi huyo. Bibi Ilona hakutaka kuoga. Mwanzoni kulikuwa na mhudumu mwingine aliyezoeana naye, akimfuta kwa kitambaa bila kumwambia mtu. Mhudumu huyo alipoacha kazi, zamu ikawa ya mama, na karatasi ya kazi ilisema shawa, mara tatu kwa wiki. Kila mama alipomwingiza bafuni na kufunga mlango, kibibi yule mpole aligeuka. Alipiga kelele, alishika fremu ya mlango, alipiga. Siku moja mama alirudi nyumbani na mikwaruzo mitatu shingoni.

"Ile bibi hataki mikono myeusi," mama alimwambia baba, huku akijipaka mafuta kwenye mikwaruzo. "Anakula kwangu, ananishukuru. Lakini nikimgusa mwili, anaona mashetani."

Baba alisema wapo wazee wa namna hiyo, avumilie. Mimi nililala nikiwa na hasira na Bibi Ilona. Jumamosi iliyofuata nilikaa mbali naye, na aliponipungia mkono nikajifanya ninasoma.

Msimamizi wa zamu alikuwa Sista Wanjiru, nesi wa Kikenya. Alimwita mama pembeni, na kwa sababu alizungumza naye Kiswahili, nilisikia yote. "Mama Nadine, hii maneno ya kuoga imefika mbali. Mtoto wake anakuja kutoka Melbourne mwisho wa mwezi. Akimkuta ananuka, ni mimi nitaulizwa, na mimi nitakuuliza wewe. Sitaki kukuandikia barua, lakini lazima aoge."

"Ataoga," mama alisema. Niliisikia sauti yake, kavu, ya mtu aliyeamua kutumia nguvu.

Sikuwepo katikati ya wiki, siku mama alipomvuta Bibi Ilona hadi chini ya maji. Najua tu kwamba alirudi nyumbani hakula.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa historia, Bi Helen, alianza somo jipya. Alituambia tutajifunza juu ya Maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, na kwamba darasa letu limeunganishwa na darasa jingine huko Hungaria, watoto wa rika letu. Sisi tungewatafuta wazee walionusurika ambao bado wanaishi Sydney, wao wangetafuta kilichobaki katika miji waliyotoka wazee hao, na tungeandikiana. Alizungumza taratibu, bila kupamba. Alituonyesha picha. Katika moja, mzee alikuwa amenyoosha mkono, na juu ya mkono kulikuwa na namba ya buluu.

Niliitambua kabla hajaeleza.

Kisha akatuambia kuhusu walioshuka kwenye treni huko kambini. Kwamba mtu mmoja aliwagawa, huku na kule. Kwamba waliopelekwa upande mmoja, wazee, akina mama, watoto, waliambiwa wavue nguo, wanakwenda kuoga. Wengine, wale waliochaguliwa kufanya kazi, walioga kweli, maji yakatoka. Kwa wale wa kwanza hayakutoka maji. Ilitoka gesi.

Dirishani kulikuwa na jua na mtu anakata nyasi. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Nchi moja."

"Umesema nini, Nadine?" Bi Helen aliniuliza.

Nilikuwa namwona Bibi Ilona akiweka kijiko chini. Nilikuwa najisikia mwenyewe nikiuliza, kwa furaha, walipelekwa nchi gani.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama anachambua mboga za lengalenga jikoni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, begi mgongoni, na kwa mara ya kwanza nilijitahidi kusema yote kwa Kiswahili, ili kusiwe na neno litakaloanguka njiani. Maneno mengine sikuwa nayo. Gesi niliiita moshi wa sumu.

Mama aliacha kuchambua. "Waliwaambia wanakwenda kuoga?"

"Ndiyo."

"Na mama yake?"

"Na mama yake. Na mdogo wake, Éva."

Alikaa chini sakafuni, palepale, majani yakiwa mapajani. "Na mimi nimefunga mlango," alisema. "Nimemvuta mkono, Nadine. Nimemvuta mkono kumwingiza mle, nikafunga mlango."

Jumamosi alifika kazini na beseni jipya, kopo, na sabuni ya lavenda. Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Wanjiru, akanisimamisha mbele yake, akasema, "Mwambie ulivyoniambia." Nilimwambia. Sista Wanjiru alisikiliza huku ameshika kalamu, na nilipomaliza alikuwa bado hajaandika kitu.

"Miaka mitatu niko hapa," alisema polepole. "Hiyo namba, nimempima presha juu yake. Sikuwahi kuuliza." Kisha akavuta faili. "Beseni. Mlango wazi. Mama Nadine peke yake. Naiandika, na asiwepo mtu wa kuibadilisha."

Mama alimwendea Bibi Ilona kitandani, akapiga magoti, akamwonyesha beseni. Alichovya mkono wake mwenyewe kwanza, akautoa, akamwonyesha maji yakichuruzika. "Maji," alisema. "Maji tu, bibi." Mimi nikatafsiri. Bibi Ilona aliyatazama maji yale. Kisha akaingiza vidole viwili.

Aliogea kwenye kiti, ndani ya bafu, mlango ukiwa wazi. Mimi nilikaa chumbani kwake nimewapa mgongo, kwa sababu mama alitaka niwepo kama itahitajika kutafsiri. Haikuhitajika. Baada ya muda Bibi Ilona alianza kusema peke yake kwa Kihungaria, maneno marefu, na katikati nilisikia Éva, na tena Éva. Kopo lilizama, likainuka, maji yakamwagika. Halafu mama naye akaanza kusema. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokuwepo.

"Kwangu mimi alikuwa mdogo wangu Desi," mama alisema. "Miaka minane. Tulishafika kwenye migomba, watu wote wanakwenda, milio ya bunduki iko nyuma. Nikakumbuka sufuria. Nikamwambia, Desi, rudi ulete sufuria, huko tutapikia nini? Akarudi. Alikuwa mwepesi wa mbio. Nilimngoja, bibi. Nilimngoja mpaka watu wakanibeba."

Kopo likazama, likainuka.

Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na mjomba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeishi na mama huyu kila siku ya maisha yangu, na habari ya mdogo wake niliipata kwa kuwa alikuwa akimsimulia mtu asiyeielewa. Sikugeuka. Nilitazama ukutani, picha ya mwana wa Bibi Ilona na wajukuu wake, nikajifanya si mtu, ni kiti.

Baada ya hapo Bibi Ilona alioga kila mara bila vurugu, na Jumamosi baada ya Jumamosi walizungumza vile. Mimi, nje ya mlango, nilielewa upande mmoja tu.

Nilimwomba awe mzee wangu kwa ajili ya somo la shule. Nilipomwambia kwamba watoto wa Hungaria wangeandikiwa, alikunja uso. Alitaja mji wake, mji mdogo wa mashariki, na akasema hataki kitu kutoka huko. "Tulipita barabarani na mabegi, mchana, na majirani walitutazama kutoka nyuma ya mapazia. Niliyaona mapazia yakicheza."

"Hawa ni watoto," nilimwambia. "Hawakuwepo."

Wiki ya tatu alisema, "Waulize kama shule ya msingi bado ina geti la kijani." Kisha akanisimulia, nami nikaandika. Kwamba pale walipogawanywa, Éva alikuwa amemshika mkono na analia, na yeye alikuwa amechoka, siku tatu ndani ya behewa bila kukaa. Akamsukuma Éva kwa mama yake. Nenda na mama, alimwambia, na wewe uniache nipumzike kidogo. Alidhani mama yao anakwenda mahali rahisi zaidi. "Usiandike hilo la mwisho," alisema. Kisha akasema, "Hapana. Liandike."

Jibu lilikuja kupitia kwa Bi Helen baada ya miezi miwili. Aliyeandika alikuwa msichana aliyeitwa Dóra. Geti sasa ni la kijivu, alisema, lakini mzee mlinzi alikwangua rangi kwa kisu akaonyesha kijani chini yake. Dóra alisoma katika jengo hilohilo tangu akiwa na miaka sita na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba Wayahudi walisoma humo. Yeye na wenzake wawili walimsumbua mkuu wa shule hadi akawafungulia stoo. Ndani ya kitabu kikubwa cha matokeo walimkuta Éva, darasa la tatu. Dóra alikuwa ametuma picha ya ukurasa, na chini yake tafsiri kwa Kiingereza.

Nilimsomea Bibi Ilona. Kusoma, vizuri. Hesabu, wastani. Kuimba, vizuri sana. Tabia: anaongea mno darasani.

Bibi Ilona alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, kicheko cha ghafla cha msichana, hadi wazee wawili wakaamka. "Mno!" alisema. "Alikuwa anaongea hata usingizini! Mama alimfunga kitambaa mdomoni kwa mchezo, akaendelea kuongea ndani ya kitambaa!" Kisha akauweka ule ukurasa usoni kwake, akauacha pale. Miaka yote ile, aliniambia baadaye, Éva alikuwa kwake kilio cha pale relini tu. Hakuwa na sauti nyingine.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti na taulo mkononi. Jioni, tukiwa kwenye treni, baada ya kupita vituo vingi, aliniuliza bila kunitazama, "Huyo mtoto wa Hungaria, anaweza kutafuta na Burundi?"

Nilimweleza kwamba Dóra yuko Hungaria, hawezi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Basi tutaandika sisi."

Tuliandika. Mama alitamka kwa Kirundi, baba akaandika kwa Kifaransa alichobakiwa nacho, mimi nikaandika anwani: shule ya msingi ya kilima chao, kwa mkuu wa shule. Tuliuliza kama kuna kitabu cha darasa la pili chenye jina la Desi. Bi Helen aliipeleka barua posta mwenyewe. Kila Jumamosi Bibi Ilona aliniuliza kabla hata ya salamu, "Imekuja?" Nami nikamjibu haijaja. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Kwenye ibada ya kumbukumbu ya shule, wanafunzi tulisoma majina, nami nikasoma la Éva mbele ya ukumbi mzima, Dóra na darasa lake wakitutazama kwenye skrini kutoka kwao ambako kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Nilikuwa nimemwomba mama ruhusa nimtaje na Desi. Alikataa. "Huyo bibi anajua mdogo wake alikokwenda," alisema. "Mimi sijui. Usimtaje na wafu mtu ambaye sijamwona amekufa."

Jibu lilikuja mwisho wa mwaka. Mkuu wa shule aliandika kwa mkono, kwa heshima nyingi. Shule iliungua, madaftari yote yaliungua, na yeye mwenyewe ni mgeni pale. Aliwauliza watu wa kilimani, aliyekumbuka hakupatikana. Alituombea baraka.

Bibi Ilona alifariki majira ya baridi yaliyofuata, usingizini, mwanawe akiwa amemshika mkono. Mimi sasa ni mwalimu wa historia, na kila mwaka nawaandikisha wanafunzi wangu barua za kwenda mbali. Wengine hujibiwa. Siwaahidi.

Lakini Jumamosi ile barua ya Burundi ilipofika, Bibi Ilona alikuwa bado mzima, ameketi dirishani ameshaoga, nywele zimelowa. Nilimtafsiria maneno ya mkuu wa shule. Alimtazama mama, aliyekuwa akikunja taulo.

"Hakuna kitabu?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi mama yako ndiye kitabu. Chukua karatasi. Mwulize mwalimu wa mdogo wake angeandika nini."

Nilimuuliza mama. Aliendelea kukunja taulo lililokwisha kukunjwa.

"Kuimba?" Bibi Ilona alisema, na neno hilo mama alilielewa kwa Kiingereza.

"Kuimba, hapana," mama alisema, na mdomo ukamcheza. "Sauti ya mbuzi. Sifuri."

Nikaandika. Nikamtafsiria, Bibi Ilona akatabasamu.

"Hesabu?"

"Hesabu, vizuri sana. Alikuwa anahesabu kuku wa jirani, anamwambia jirani, mmoja hajarudi."

Nikaandika.

"Na tabia?"

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Huko nje mtu alisukuma toroli la chai.

"Tabia," mama alisema, "mtiifu. Ukimtuma, anakwenda."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Bibi Ilona alinigeukia, bado anatabasamu kwa ajili ya kuku, akingoja nimtafsirie.

Nikamtafsiria.